Nani awahi utumboni: probayotiki kwa vifaranga

ZAWADI: Leo tunaingia utumboni kwenyewe. Kaka Baraka, probayotiki, yaani bakteria hai wazuri tunaowapa vifaranga, inafanya nini mle ndani?

BARAKA: Inawahi nafasi, dada. Kifaranga wa mashine hana mama wa kumrithisha bakteria. Wa kienyeji anadonoa mavi ya mtetea, anapata. Huyu wa mashine anapokea chochote anachokutana nacho kwanza: kwenye boksi, kwenye randa, kwenye maji. Mwaka 1973 watafiti wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga walionyweshwa bakteria kutoka utumbo wa kuku wakubwa waliweza kuizuia salmonela, bakteria wa ugonjwa, isijenge makazi.

ZAWADI: Kwa sababu viti vilishakaliwa.

BARAKA: Ndiyo, na waliokaa wanabadilisha hata hewa ya nyumba. Laktobasilasi, mmoja wa bakteria hao wazuri, anakaa goleni na kwenye utumbo mwembamba, anatoa asidi ya laktiki, na salmonela hapatani na asidi. Kule mwisho, kwenye ile mifuko miwili ya seka, bakteria wengine wanaila asidi hiyo na kutoa butireti. Seli za ukuta wa utumbo zinaitumia butireti kama chakula. Ukuta ukiwa mzima, chakula kinafyonzwa, hakiishii kwenye randa.

ZAWADI: Sasa mbona wengi wananunua pakiti na hawaoni tofauti?

BARAKA: Wanawaua kabla hawajafika. Maji ya bomba yana klorini, na klorini haichagui bakteria mzuri na mbaya.

ZAWADI: Hapo wafugaji wachukue kalamu. Koroga gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita ya maji, subiri nusu saa, ndipo utie probayotiki. Osha vyombo kwa maji matupu, usiache dawa ya kuulia vijidudu. Weka kiasi kitakachoisha ndani ya saa tatu au nne, kivulini. Na uanze siku ile ile vifaranga wanapofika. Wiki ya tatu umeshachelewa mno.

BARAKA: La pili ni antibayotiki. Mtu anatia oksitetrasaiklini na probayotiki kwenye ndoo moja! Kama daktari wa mifugo ameagiza antibayotiki, maliza dozi kwanza, kisha rudisha bakteria siku inayofuata.

ZAWADI: Na kinyesi chenye damu?

BARAKA: Shuku koksidia, vimelea wa utumbo. Probayotiki haitibu koksidia, usipoteze siku. Tibu upesi, maana koksidia wakichubua utumbo, bakteria mbaya Clostridium perfringens anapata upenyo, na kuku wanaanza kufa ghafla.

ZAWADI: Tumalizie na chakula. Kwa pelet, chakula kilichoshindiliwa vipande na mashine, chagua bakteria Bacillus subtilis. Ana mbegu ngumu zinazovumilia joto la mashine na asidi ya tumbo. Laktobasilasi wengi hufa humo.

BARAKA: Kwa mashi, chakula cha unga unachochanganya mwenyewe, soma lebo. Ikiandika bakteria bilioni moja kwa gramu, gramu moja kwa kilo ya chakula inakupa milioni moja katika kila gramu. Mfuko wa kilo 50 unahitaji gramu 50. Usizimwage juu ukakoroga kwa koleo. Changanya kwanza na kilo moja ya pumba, kisha kilo kumi za chakula, halafu mfuko mzima. La sivyo kuku mmoja anakula dozi ya ishirini, na kumi na tisa hawapati kitu.