Ule Weupe Ni Baridi

Ahsante, mwenyekiti. Nimepewa dakika kumi na tano, na wanaonijua washaanza kucheka.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai, hapo juu karibu na Mombasa yetu, yuko njiani kwenda Uchagani. Asubuhi aona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro, adhani wingu. Amuuliza kiongozi wake wa njia: kile nini? Ajibiwa: baridi. Basi. Habari zikafika London, na William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika ambaye Kilimanjaro hakuiona hata kwa mbali, akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Akashikilia hivyo miaka na miaka. Sasa nauliza, mtaalamu hapo nani? Wa ramani, au aliyesema inavyouma ngozini? Hadithi hii nimeisimulia mpaka mke wangu huimaliza kabla yangu, na bado sijachoka nayo.

Baridi ile yatoweka. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2011, hazikutimia 2.

Najua mtakaponikata. "Mwalimu, barafu ikiyeyuka si maji yatazidi?" Hapana, babu. Ile barafu ni kidogo, na sehemu yake hupotelea hewani bila kuwa tone. Picha za kilele cheupe zimetupumbaza. Kilele ni saa ya ukutani, chatuonyesha wakati tu. Maji ni msitu ulio chini yake.

Nililijua hili kwenye msitu wa vilima vya Chyulu, kusini mwa Kenya, si kitabuni. Alfajiri, mvua hakuna, ukungu tu. Miti imening'iniza ndevu za kijani, na kila unywele una tone lake. Nilisimama chini ya mti mmoja dakika chache, sweta ikalowa mpaka shati la ndani. Nikatoka hatua kumi, penye nyasi tupu: kukavu! Ukungu ulikuwa wapita tu, hauna wa kuushika. Maji yale huzama kwenye mawe ya volkano, yaibuke kwenye chemchemi za Mzima, yaingie bomba la Mombasa. Yanayobaki hushuka mto Tsavo, pamoja na ya Kilimanjaro, yakutane na Athi, yawe Galana, kisha Sabaki, na kando ya Sabaki pana visima vya Baricho, vya maji yetu ya pwani. Kwa hiyo anayeniambia Kilimanjaro ni ya Watanzania, namwomba aniletee mtungi wake nimwonyeshe.

Joto likizidi, msitu hukauka, na ukikauka hushika moto. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka zaidi ya wiki. Mioto ya namna hiyo imeushusha mpaka wa juu wa msitu mamia ya mita. Mkulima wa Kichagga mwenye mfereji wa babu zake ndiye wa kwanza kuona. Sisi wa mwisho wa bomba twaona baadaye, na twadhani ni fundi.

Nilikuwa na ya Mlima Kenya, na ya misitu ya Taita, tena hiyo ya Taita ndiyo tamu, lakini mwenyekiti anigonga saa yake. Haya. Maswali.

Ndiyo, mama pale nyuma... La, mama. Hata kwetu maji hayajatoka tangu Jumatatu.