Kaya: Mji Ambao Ukuta Wake ni Msitu

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, walimu wenzangu na vijana, hamjambo.

Nianze na neno lenyewe. Siku ya sensa karani hubisha hodi na kuuliza kaya hii ina watu wangapi, na sote tunajua anachotaka: waliolala humu, wanaokula chungu kimoja. Kwa Wamijikenda, watu wa pwani ya Kenya, neno hilohilo ni mji, ni nyumbani. Kwa hiyo mkisikia Kaya Fungo, Kaya Kauma au Kaya Kinondo, wazeni kwanza nyumbani kwa watu. Nalisisitiza hili kwa sababu tumezoea kuziita misitu tu, na mahali pakishaitwa msitu, haikawii kuja shoka.

Mijikenda ni miji kenda, na kenda ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe na Waribe. Wazee husimulia kwamba walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakifukuzwa. Tangu karne ya 16 walijenga miji yao ndani ya misitu, mingi ikiwa juu ya vilima nyuma ya pwani. Tazameni walivyojenga. Walifyeka uwanja katikati tu, wakaweka nyumba na moro, banda la baraza la wazee. Pembeni waliuacha msitu mnene uzunguke pande zote. Kuingia ni kwa njia nyembamba yenye malango, na kinga ya mji, yaani fingo, ilifukiwa ardhini. Msitu ule ndio uliokuwa boma lao. Aliyekata mti alitoboa ukuta wa mji mzima, na hapo ndipo ulipopata nguvu mwiko wa kukata.

Hatari zilipopungua watu walitoka kidogo kidogo kwenda kulima, na kufikia miaka ya 1940 hakuna aliyekuwa akiishi ndani. Makaburi yalibaki, na mwiko ukabaki nayo. Leo ukitoka kwenye mashamba ya mihindi na minazi, jua likikuchoma kisogoni, ukaingia Kaya Kinondo, kule Diani, unahisi ubaridi kabla macho hayajazoea kivuli. Mizizi imekumbatia miamba ya matumbawe, mbega wanaruka juu, na mawimbi yanasikika ng'ambo ya miti. Mimi nimefika huko mara nyingi, na kila mara najikuta nanong'ona bila kuambiwa na mtu.

Wakoloni nao waliijua thamani ya kaya, kwa njia yao. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwaapisha Wagiriama wasiwape Waingereza vijana wao wala kodi. Viapo vilitoka kaya. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Hakuna anayepoteza baruti kwa kichaka.

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya hizi kwenye orodha ya urithi wa dunia. Zimetawanyika pwani kwa kilomita kama 200. Mwaka uliofuata, mila zake ziliwekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Orodha hiyo ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Mti unaweza kuzungushiwa seng'enge. Mzee anayejua maneno ya kufungua moro akifa bila mrithi, seng'enge itasaidia nini? Na wazee wengine hawaachwi wafe kwa umri wao. Huku Kilifi na Kwale wako waliouawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya mvi zao, na mara nyingi nyuma ya shutuma hiyo kuna ugomvi wa shamba. Nasema wazi: huo ni uuaji, na ni aibu yetu sisi wana wa pwani.

Kuna pia vigango, nguzo za mbao zinazochongwa kwa heshima ya marehemu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima wa Kigiriama. Kigango hakihamishwi, huachwa kioze mahali kiliposimikwa. Lakini viling'olewa usiku vikauzwa kwa watalii, vikaishia Marekani. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudi Kenya kutoka makumbusho ya Denver. Nilifurahi, kisha nikafikiria zile familia zinazouliza hadi leo baba yao yuko ukutani kwa nani.

Vijana mliojiandikisha kwenda Kinondo kesho, tokeni mapema. Mtafungwa kaniki kabla ya kuingia. Msivunje kijiti, msiokote jani, na mzee akinyamaza njiani, nyamazeni naye.