Glovu ni ya Anayepiga

Shikamooni wazee. Vijana, mambo. Kabla sijasema neno, kila mtu akunje ngumi na kuinyanyua niione.

Haya. Kijana wa fulana nyekundu, dole gumba umelifungia ndani ya vidole. Siku ukimpiga mtu hivyo, litavunjika kabla yeye hajajua kama amepigwa. Na wewe dada, lako limechomoza juu kama abiria anayechungulia daladala. Hilo litanasa kwenye kiwiko cha mwenzio. Shusheni, tutarudi.

Nimeombwa nizungumzie ngumi kavu, yaani isiyo na glovu wala bandeji. Mzee mmoja hapo nje ameniuliza, unawafundisha watoto kupigana mtaani? Hapana, mzee wangu. Ila nimekaa na mabondia miaka mingi, na mikono mingi mibovu niliyoiona haikuharibikia ulingoni. Iliharibikia nje ya baa, stendi, kwenye foleni ya maji. Wengine waliupiga ukuta kwa hasira za mapenzi, na ukuta haujawahi kupoteza pambano.

Nianze na mkono wangu. Tazameni nikikunja. Hivi vinundu vya vidole, tunavyopigia watoto konzi, vitatu vimesimama na cha mwisho kimezama. Nilikuwa na miaka 22, nikagombana na mtu stendi kwa sababu ya chenji. Nikarusha ya kulia, naye akainamisha kichwa, ikatua kwenye paji la uso. Nikasikia "kach". Yeye alipata nundu akaenda zake kazini. Mimi nikapelekwa kuchuliwa. Mama wa watu alinikanda kwa maji ya moto na mafuta, wiki tatu nzima, akisema mshipa umeruka. Mfupa uliovunjika hauchuliwi! Nilipofika hospitali ulikuwa umeshaanza kuunga, na umeunga ukiwa umepinda.

Sasa, kwa nini kinundu kile na si kingine? Mkono una mifupa 27. Mitano kati ya hiyo ndiyo mifupa mirefu ya kiganja, mmoja kwa kila kidole. Shikeni ule wa kidole cha kati, jaribuni kuutikisa. Umetulia. Wa kidole cha shahada vilevile. Haya, shikeni wa kidole kidogo. Unacheza, si ndiyo? Umeumbwa ucheze ili kiganja kiweze kukumbatia mpini wa jembe. Ni mwembamba, haujashikiliwa sana, na ukiugonga kwenye kitu kigumu hukatika shingoni, karibu kabisa na kinundu. Madaktari wameuita mvunjiko wa bondia. Jina hilo linatuonea, maana anayeupata sana ni yule asiyefundishwa, anayezungusha ngumi kama anatupa jiwe, na kidole kidogo ndicho kinachotangulia.

Kwa hiyo tunatua kwa vinundu viwili, cha shahada na cha kati. Hivyo vimekaa juu ya mifupa iliyoshikamana, nayo imeegemea ule mfupa wa mkono ulionenepa kwenye kifundo upande wa dole gumba. Mshindo unapita hapo ukaishie begani.

Kunjeni tena, pamoja nami. Nyosheni vidole. Anza kwenye ncha, kunja taratibu kama unavyokunja mkeka, mpaka ncha zizame kiganjani na pasibaki uwazi. Kisha dole gumba lilale kwa nje, juu ya pingili za katikati za vidole viwili vya kwanza. Kifundo cha mkono kinyooke. Ukilaza rula kutoka mgongo wa kiganja kwenda mkononi, pasiwe na bonde wala kilima. Wengi huumia hapo kwenye kifundo kuliko wanavyodhani, kwa sababu ngumi imefika sawa ila mkono umejikunja nyuma yake. Na msikaze muda wote. Mkono uliokakamaa tangu begani huchelewa na huchoka. Uende umelegea kidogo, ukaze pale unapogusa.

Siwafichi, si kila bingwa anakubaliana nami. Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926, alifundisha kwamba mstari wa nguvu unatoka begani hadi kinundu cha kidole kidogo, na ukirusha ngumi iliyonyooka ulenge kwa kinundu cha kidole cha pete. Namheshimu. Lakini Dempsey alipitia kazi za migodini kabla ya ubingwa. Sisi vidole vyetu vinabofya simu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Mnaamini glovu iliwekwa imlinde anayepigwa. Mimi nasema glovu ni ya anayepiga. Zamani Uingereza na Marekani, masumbwi ya malipo yalipiganwa kwa ngumi kavu, na raundi haikuhesabiwa kwa dakika. Mtu akianguka, raundi imekwisha. Pambano la mwisho la ubingwa wa uzito wa juu kwa ngumi kavu lilikuwa Julai 8, 1889, huko Richburg, Mississippi, John L. Sullivan dhidi ya Jake Kilrain. Raundi 75, zaidi ya saa mbili chini ya jua kali. Mapambano hayo yalikuwa marefu kwa sababu nyingi, na mojawapo ni kwamba kila mmoja alikuwa anaitunza mikono yake. Waliminyana, waliangushana, walipiga sana mbavu na tumbo. Kichwani walipiga kwa hesabu, wakijua fuvu ni mwamba. Sheria za masumbwi za Queensberry, zilizotoka 1867, ndizo zilizoleta glovu na raundi ya dakika tatu. Bondia akavalishwa mto mkononi, akapata ruhusa ya kukigonga kichwa cha mwenzie mara mia. Mkono ukapona. Ubongo ukalipa.

Mnataka ushahidi wa karibu? Alfajiri moja Agosti 1988, Mike Tyson, bingwa wa dunia asiyepingika, alikutana na Mitch Green mbele ya duka la nguo Harlem, New York. Tyson alishamshinda ulingoni kwa pointi miaka miwili nyuma, wakiwa na glovu. Safari hii hakukuwa na refa wala bandeji. Jicho la Green lilivimba likafumba. Tyson akavunjika mfupa wa mkono wa kulia, na pambano lake na Frank Bruno likasogezwa mpaka Februari 1989. Mkono wa Tyson huo, si wangu mimi wa kugombea chenji.

Ndiyo maana, ukilazimika kabisa kujitetea mikono mitupu, dada zangu hasa, sahau kichwa kwa ngumi. Tumia kisigino cha kiganja, hii nyama nene hapa chini, kusukuma kidevu au pua. Ngumi ibakie kwa tumbo na mbavu. Halafu ukimbie.

Jambo la mwisho ni meno. Hili watu hulidharau. Umempiga mtu mdomoni, umechanika kidogo juu ya kinundu, nusu sentimita. Unafunga kitambaa unalala. Ngumi ilipokuwa imekunjwa, jino limeingia mpaka kwenye kiungo. Ukinyoosha vidole, ngozi na mishipa vinateleza na kukifunika kile kitundu, na uchafu wa kinywa unafungiwa ndani. Baada ya siku moja mbili kiganja kinavimba kama andazi. Osha kwa maji mengi yanayotiririka, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari kweli, kwamba ni jino. Usiseme umejikata na bati, maana dawa utakayopewa si ileile.

Ukishuku umevunjika, kunja vidole polepole mbele ya taa. Kinundu kimezama? Kidole kimoja kinampanda mwenzie? Kapige picha. Pia bonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini ya dole gumba ukilinyoosha. Kikiuma, usiridhike na picha ya siku ya kwanza ikisema uko salama. Kuna kimfupa hapo ambacho ufa wake huchelewa kuonekana, na damu hukifikia kwa shida, kinaweza kufa. Kubali kufungwa hogo, ile plasta ngumu, urudi kupiga picha nyingine baada ya siku kumi hadi kumi na nne.

Kijana wa nyekundu, hebu nyanyua tena. Naam, limetoka nje. Bandeji ziko kwenye beseni pale, mita nne na nusu kila moja. Njooni mbele wawili wawili, tuanze na mkono wa kushoto.