Kufunga Seva ya Wingu Bila Kujifungia Nje

Mhadhara kwa mafundi wa kompyuta, Tanga

Asalaam aleikum, na habari za jioni ndugu zangu.

Wengi wenu mnasimamia mashine pepe za watu, yaani kompyuta za kukodi ndani ya seva za kampuni nyingine: mfumo wa stoo ya duka Ngamiani, hesabu za wakala wa mizigo pale bandarini. Mashine yenyewe huenda iko Cape Town au Frankfurt, nanyi mnaifikia kwa SSH, njia salama ya kutoa amri kwa mbali, kupitia bando la simu. Leo nitakazania mpangilio wa hatua. Kufunga, yaani kuzuia wasiohusika wasiingie, si kazi ngumu. Kazi ni kufunga huku wewe mwenyewe ukibaki ndani.

Mashine ikishapata anwani ya umma, haichukui muda roboti zinaanza kujaribu poti 22, mlango wa kawaida wa SSH. Andika `sudo journalctl -u ssh` uone mistari ya "Failed password" ikifuatana kwa majina ya kubahatisha: root (msimamizi mkuu wa mashine), admin, test. Hakuna anayekulenga wewe. Wanapita kila anwani. Ndiyo maana kuingia kwa neno la siri kunaondolewa kabisa, ubaki ufunguo.

Ufunguo tengeneza kwenye laptopu yako, si kwenye seva: `ssh-keygen -t ed25519`. Uwekee neno la siri lake, maana laptopu huibwa. Faili la .pub, yaani nusu ya ufunguo isiyo ya siri, ndilo linalokwenda kwenye seva, ndani ya `~/.ssh/authorized_keys`. Folda ya .ssh iwe na ruhusa 700, faili 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayefikia. Ukiacha wengine waweze kuandika humo, seva inaukataa ufunguo, na wewe unaambiwa "Permission denied" basi. Sababu yenyewe iko kwenye kumbukumbu za seva: "bad ownership or modes".

Hapa sasa ndipo wengi wanapoponzwa. Mtu anafungua `/etc/ssh/sshd_config`, anashuka katikati, anaandika `PasswordAuthentication no`, anaondoka ameridhika. Kwenye mashine za wingu zenye mfumo endeshi wa Ubuntu huenda kukawa na faili jingine, `/etc/ssh/sshd_config.d/50-cloud-init.conf`, nalo limeandika yes. SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na mafaili ya folda ile husomwa kwanza, kwa mpangilio wa majina. Kwa hiyo tengeneza la kwako, `10-ulinzi.conf`, uweke humo `PasswordAuthentication no` na `PermitRootLogin no`. Kisha usikisie, iulize seva yenyewe: `sudo sshd -T | grep -i passwordauth`.

Kabla ya kupakia upya mipangilio, `sudo sshd -t` itakuonyesha kosa la uandishi. Ikikaa kimya, `sudo systemctl reload ssh`. Dirisha ulilomo usilifunge! Fungua la pili, ingia upya kwa ufunguo; likikubali ndipo ufunge la kwanza.

Ukuta wa moto, ufw, unaochuja miunganisho inayoingia, nao una zamu yake: `sudo ufw allow OpenSSH` kwanza, `sudo ufw enable` baadaye. Ukigeuza, unaweza kubaki nje. Na wanaotumia Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya makontena, wajue kwamba poti ya hifadhidata iliyotolewa kwa `-p 5432:5432` huipita ufw kama haipo, hifadhidata ikawa wazi kwa dunia nzima. Andika `-p 127.0.0.1:5432:5432`, halafu uifikie kutoka kwako kwa kupitia ndani ya SSH: `ssh -L 5432:localhost:5432 ubuntu@anwani-ya-seva`.

Kuhamisha SSH kutoka poti 22 kunapunguza kelele kwenye kumbukumbu, hakuongezi kufuli.

Mtashauriwa pia kuruhusu anwani moja tu ya IP. Kwa ofisi yenye anwani ya kudumu, sawa. Kwa bando la simu haifai: anwani hubadilika, tena wateja wengi huchangia moja. Wekeni WireGuard, njia ya faragha (VPN) kati yako na seva, kwenye poti ya UDP 51820. Asiye na ufunguo hajibiwi hata neno. Laini ikiwa ya simu ongezeni `PersistentKeepalive = 25`, ili njia isikatike mkikaa kimya. Na masasisho marefu yaendesheni ndani ya tmux, programu inayoshikilia kazi kwenye seva hata ukikatika, umeme ukikatika Chumbageni kazi inaendelea huko iliko.

La mwisho ni konsoli ya mtoa huduma, yaani skrini ya mashine inayofunguliwa kwenye tovuti yake, njia ya dharura SSH ikigoma. Konsoli hiyo kwa kawaida inadai neno la siri, wakati mtumiaji wa Ubuntu ya wingu huwa hana. Mwekee leo kwa `sudo passwd ubuntu`; kwenye SSH halitafanya kazi, tumeshalizima. Na akaunti ya mtoa huduma iwekeeni uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu anayeingia humo anaweza kuifuta mashine nzima bila kuugusa ufunguo wako.

Karibuni kwa maswali.