Kuhamisha Seli za HeLa Kwenda Chupa Mpya

Karibuni tena maabara. Leo tunahamisha seli za saratani kutoka chupa iliyojaa. Kabla sijafungua chochote, soma nami lebo: HeLa. Ni kifupi cha Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi huko Baltimore mwaka 1951. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Alifariki Oktoba mwaka huohuo, na seli zake zinagawanyika mpaka leo. Tuzishike kwa adabu.

Vaa koti na glavu, washa kabati la usalama, futa ndani kwa alkoholi ya asilimia 70. Lishe ya seli iwe imepashwa moto hadi nyuzi 37.

Chungulia kwanza kwenye hadubini. Unaona zilivyobanana kama vigae? Zimefunika kama asilimia 80 ya chupa, wakati wake umefika. Seli zenye afya zikigusana hivi hupunguza kugawanyika. Hizi haziachi. Virusi vya HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi) aina ya 18 vilijipachika kwenye DNA ya seli hizi, na protini mbili za virusi hivyo zinaharibu protini mbili zilizo breki za kugawanyika kwa seli: E6 inaiangamiza p53, E7 inaizima Rb.

Fyonza lishe yote ya zamani. Ilikuwa nyekundu, sasa imeanza unjano kwa sababu ya asidi ya seli. Kisha suuza mara mbili kwa maji ya chumvi ya bafa (yanayotuliza kiwango cha asidi), mililita 5 kila mara. Tafadhali usiruke hapa! Seramu ya ndama (majimaji ya damu yake) iliyomo kwenye lishe huizuia tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli tutakachoweka sasa hivi, kufanya kazi. Nilipokuwa najifunza niliruka, nikakaa robo saa naitazama chupa na seli zimeng'ang'ania palepale.

Weka tripsini mililita 1 kwa chupa hii ndogo, irudishe kwenye inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli) dakika 2 hadi 5. Usiondoke, kwani ikizidi muda huzidhuru seli zenyewe. Tazama sasa: zilizokuwa zimetandaa zimejikunja, zimekuwa duara, kingo zinang'aa. Gonga ubavu wa chupa taratibu. Hizo, zinabanduka!

Ongeza lishe yenye seramu mililita 4 kuizima tripsini, vuta na kushusha kwa pipeti mpaka mafundo yaachane. Wengine huzizungusha kwenye sentrifuji. Kwa HeLa katika chupa ndogo sioni haja.

Chukua mililita 1 tu, tia kwenye chupa mpya yenye lishe mililita 4. Andika lebo papo hapo: jina, tarehe, umehamisha mara ya ngapi. Na usifungue aina nyingine ya seli kabatini wakati huu. Mwaka 1966 mtaalamu wa jenetiki Stanley Gartler alionyesha kuwa seli nyingi zilizodhaniwa za viungo tofauti zilikuwa HeLa zilizovamia chupa za seli nyingine. Tone moja linatosha kuharibu kazi ya miaka.

Ingiza kwenye inkubeta, nyuzi 37, hewa ya ukaa asilimia 5. Kifuniko kisicho na kichujio kilegeze kidogo. Kesho asubuhi tutachungulia kama zimeshika.