Usiulize Jua Kabla ya Kuuliza Chembe

Ndugu zangu, jambo ni lile lile, na nitalirudia mpaka lieleweke: usiniulize jua linavunja benzopireni, kemikali ya moshi, kwa saa ngapi kabla hujaniambia benzopireni hiyo imeng'ang'ania chembe gani.

Molekuli hii ya pete tano, inayosababisha saratani, hufyonza vizuri miale ya nanomita 290 hadi 400, na miale hiyo inafika ardhini. Ipake kwenye unga mweupe wa silika, uanike: saa chache tu, nusu imekwisha. Kiasi kile kile kipake kwenye masizi makavu ya kaboni. Kutwa nzima inapita na sehemu kubwa ingali pale. Molekuli ile ile, jua lile lile! Kaboni nyeusi inameza mwanga kabla haujaifikia molekuli, na molekuli nyingine zimezama kwenye vinyweleo vya chembe, miale isikopenya. Watafiti Behymer na Hites walilionyesha hili miaka ya 1980: kwenye majivu meusi, muundo wa molekuli karibu haukubadili tena kasi ya kuvunjika. Basi kwa nini namba za silika bado zinaingizwa kwenye modeli, yaani hesabu za kukadiria, za moshi wa dizeli?

Mtu atasema, mbona moshi wa kuni hupoteza benzopireni upesi mchana? Ni kweli, na hilo linanitetea. Chembe za moshi wa kuni zina utando wa kimiminika wenye methoksifenoli, kemikali zitokanazo na kuni kuungua, na hizo zikipigwa na mwanga huharakisha uvunjikaji. Tumerudi kwenye chembe.

Sasa maabara. Taa ya zenoni isiyo na kioo cha kuzuia miale ya chini ya nanomita 290 si jua. Chujio lililonasa chembe za moshi likipata joto, fenantreni, ndugu mwepesi wa benzopireni, hugeuka mvuke na kuondoka, kisha mtu anaandika kwamba imevunjwa na mwanga. Weka chujio la pili la kulinganisha, lililofunikwa foili lisipate mwanga: joto lile lile, mkondo wa hewa ule ule, ozoni ile ile. Bila chujio hilo huna matokeo, una mashaka. Na sampuli zikikusanywa, ziende gizani kwenye friza mara moja, si kesho.

Muda umenibana. Kuvunjika si kutoweka: antraseni, ndugu mwingine wa benzopireni, huwa antrakwinoni, mojawapo ya kwinoni, kwa hiyo pima kwinoni kwenye dondoo lile lile la sampuli. Kuhusu molekuli za jamii hii zilizobeba kundi la nitro (nitrojeni na oksijeni) nitasema moja tu: 9-nitroantraseni huvunjika upesi kuliko 1-nitropireni, kwa kuwa kundi lake la nitro limepinda nje ya bapa la pete.