Kwa nini huku gari lenye injini nzima linapelekwa kwenye chuma chakavu

Habari zenu ndugu zangu, na wazee wangu shikamooni. Nipo hapa Columbus, Ohio, uwanjani kwa rafiki yangu mmoja Mkenya, kwa sababu mkataba wa nyumba niliyopanga unakataza kutengenezea gari kwenye maegesho. Tairi la mbele kushoto nimeshalivua. Ngoja nisogeze kamera. Mnaiona hiyo diski ilivyochimbika?

Wiki iliyopita breki zilianza kulia. Nikapeleka gari gereji, wakanipa karatasi ya makadirio: pedi na diski za mbele, dola 435. Hiyo inapita milioni moja ya Tanzania. Nikaisoma mstari kwa mstari. Spea dola 210. Ufundi saa moja na nusu, kila saa dola 130, jumla 195. Zilizobaki ni kodi na vitu vidogo kama grisi na dawa ya kusafishia.

Sasa hiyo saa moja na nusu hawakuipima kwa saa ya ukutani. Kuna kitabu, siku hizi kiko kwenye kompyuta, kinachosema kazi fulani kwenye gari fulani ni saa ngapi, na mteja analipa saa za kitabu. Fundi akimaliza kwa dakika arobaini, unalipa saa moja na nusu. Na gereji nyingi humlipa fundi mwenyewe kwa saa hizohizo za kitabu. Huku Ohio kila majira ya baridi barabara zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula chini ya gari mpaka nati na bolti zinashikana zikawa kitu kimoja. Fundi anaweza kupigana nazo saa tatu, akalipwa moja na nusu. Spana zake kanunua mwenyewe, wengi wao kwa mkopo. Kwa hiyo sisemi kwamba naibiwa. Katika dola 130 za kila saa kuna pango, bima, lifti ya kunyanyulia magari na mashine za kupimia. Fundi anabaki na kipande tu.

Nimeeleza yote hayo kwa sababu mtazamaji mmoja wa Mbeya aliniuliza swali ambalo limenikaa kichwani: mbona huko mnatupa magari ambayo injini bado inanguruma? Ndugu yangu, huku tunalipia njia ya kufikia kifaa kuliko kifaa chenyewe.

Chukua hita. Bila hita huku mwezi wa kwanza hutoki. Ndani ya dashibodi kuna redieta ndogo inayopasha hewa, na ikivuja unaweza kuipata kwa dola mia hivi. Lakini kwenye magari mengi, kuifikia mpaka ung'oe dashibodi nzima, na nyaya zake zote. Kitabu kikiandika saa nane, hapo ufundi peke yake umepita dola elfu moja. Sasa mtu ana gari la mwaka 2008, akiliuza hapati zaidi ya dola 2,500, na gia boksi imekufa, anaambiwa dola 4,000. Hafanyi hesabu mara mbili. Linavutwa na kupelekwa yadi ya chuma chakavu, na milango, vioo na injini vyote vizima.

Kwetu Tanzania hesabu imegeuka. Gia boksi ya mtumba unaitafuta kwenye maduka ya spea pale Gerezani, Dar es Salaam, hapo ndipo mfuko unapouma. Kuifunga, mnapatana. Kaka yangu ni fundi, yuko Tabata. Nimemwona kwa macho yangu akishusha gia boksi juu ya mchanga, yeye na kijana wake mmoja, gari limeinuliwa kwa jeki na magogo. Asubuhi wameanza, jioni gari linaondoka. Halafu mwenye gari anasimama pale anabishania elfu kumi ya ufundi, mtu ambaye spea kaitolea mamilioni bila kusema neno! Hili linaniuma kweli. Kazi ileile, mikono ileile, huku ingeandikiwa zaidi ya dola elfu moja.

Na kuna jambo ambalo huku wanalifanya kwa lazima, na kwetu lingewasaidia sana. Kwa kuwa kufungua ndiyo gharama, ukishafungua unabadilisha na vifaa vya jirani yake. Gia boksi ikishushwa kwa ajili ya klachi, badilisha sahani, presha na beringi yake kwa pamoja. Taimingi belti ikitolewa, kwenye injini ambazo pampu ya maji inazungushwa na belti hiyo, weka na pampu mpya. Ukiacha beringi ya bei ndogo ndani, baada ya miezi mitatu unarudia kulipa ufundi wote.

Mliofika huku karibuni: taa ya injini ikiwaka, maduka makubwa ya spea mengi yanakusomea bure namba ya hitilafu iliyo kwenye kompyuta ya gari. Ila namba hiyo inataja dalili tu. P0420 inasema mfumo wa kusafisha moshi haufanyi kazi inavyotakiwa. Watu wananunua kataliti mpya, yaani kifaa chenyewe cha kusafisha moshi, kwa mamia ya dola, kumbe ni bomba la moshi linavuja.

Mimi pedi na diski nimenunua kwa dola 145. Imenichukua saa tatu, na fundi wa gereji angenishinda kwa mbali. Gari nimelikalisha kwenye stendi za chuma, maana jeki inaweza kuteleza. Stendi kama hizi mbili nimeshamnunulia kaka, zinakuja na mzigo ujao, aache yale magogo.

Haya, narudisha tairi. Pistoni za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, nimezisukuma ndani, kwa hiyo breki sasa hivi haipo kabisa, pedali itazama mpaka chini. Nitakaa kwenye kiti nikanyage taratibu, tena na tena, mpaka iwe ngumu, ndipo niwashe gari.